Bahari ya Daraja la Kwanza

Siku Zaidi aliposikia kwamba mlimani Kilema kuna mtu anayekunywa mbege, pombe ya ndizi, kabla ya wakubwa wake kwa sababu tu amewahi kuiona bahari, aliacha kuuza dawa ya kunguni. Aliiacha palepale, sokoni Himo, katikati ya sentensi, na mteja ameshika chupa mkononi. Kunguni hawakupata nafuu yoyote kwa hilo. Dawa yenyewe ilikuwa chai ya rangi.

Zaidi alikuwa mtu wa Moshi mjini, mtoto wa pekee wa Bi Mwanajuma mshona kanzu. Mungu alimnyima mali, elimu na subira, kisha akaona amezidisha, akamfidia kwa ulimi. Alikuwa na kanzu moja nyeupe sana na kofia ya viua, na alipotembea barabarani watu wasiomjua walimpisha. Waliomjua walishika mifuko.

Habari ile aliipata kwa majeruhi mwenyewe, mzee Primus, ambaye watu wa kwake humwita Meku kwa heshima ya umri. Alikuwa ameketi juu ya gunia la kahawa, ameinamisha kichwa kama mtu aliyetoka kuzika.

"Shikamoo mzee wangu. Kuna msiba?"

"Marahaba. Afadhali msiba. Msiba unakwisha."

Mlimani, kata ya kunywea mbege ina njia yake. Huanza kwa mkubwa kwa umri, ikashuka kwa anayefuata, mpaka kwa vijana. Mjerumani alikuja akabadilisha mambo mengi, Mwingereza akaja akabadilisha yaliyobaki, lakini njia ya kata hakuna aliyeigusa. Sasa Basili, jirani yake Primus, mdogo kwake kwa rika zima, alikuwa amekwenda Tanga kumtembelea mwanawe kule bandarini. Alirudi na kombe la baharini na mchanga kwenye suruali. Jumapili iliyofuata, mbele ya chungu, alisafisha koo akauliza: "Nyie mmeona nini?"

"Mimi nina migomba kuliko yeye," alisema Primus. "Nina kahawa kuliko yeye. Wajukuu ndiyo usiseme. Lakini bahari sina. Na watu, kwa ujinga wao, wakampa kata kwanza. Ikinifikia mimi ni machicha."

"Machicha, mzee wangu!"

"Nayatafuna."

Zaidi alikaa kwenye gunia la pili bila kukaribishwa. Yeye mwenyewe bahari hakuwahi kuiona. Karibu kabisa alipofika ni stesheni ya Moshi, ambako treni ya Tanga hushusha madafu, papa mkavu na watu wanaopenda kusimulia. Kwa maneno ya kwenye jukwaa la stesheni alikuwa amejijengea Tanga nzima, na ilikuwa nzuri kuliko ile nyingine.

"Nitakupeleka Tanga, mzee wangu. Watu wanakwenda kule kupumzika, hata Wazungu wenyewe. Asubuhi unaoga bahari. Ukitoka unapewa dafu. Ukimaliza dafu unaonyeshwa nyumba za Mjerumani, halafu mnara wa saa, halafu pango. Hilo pango mbwa aliingia Tanga akatokea Mombasa."

"Mbwa wa nani?"

"Wa Mjerumani."

"Alitokea mzima?"

"Mzima kabisa, ila Kijerumani alikuwa amekisahau."

Primus alitafakari jambo hilo kwa uzito wake. Nyuma yake, dada yake mkubwa Mektrida, mjane mnusa ugoro, ambaye Zaidi alimdhania kuwa amelala, alifungua jicho moja.

"Gari linapita wapi?" aliuliza.

"Barabarani, mama."

"Nilikuwa na wasiwasi."

Walikubaliana wapelekwe wazee watano, na malipo yawe ndafu. Kwa asiyejua, ndafu ni mbuzi dume aliyehasiwa, akafungwa ndani ya nyumba kulishwa maganda ya ndizi mpaka asahau matumizi ya miguu. Ndafu wa Primus alikuwa na sifa zake. Watu walipokuja kumsalimia Primus, walimsalimia na ndafu.

"Tukirudi," alisema Primus, "utakabidhiwa mbele ya watu wote."

"Nami nitasema mbele ya watu wote niliwapeleka wapi," akasema Zaidi, kwa moyo mweupe.

"Hilo," alisema Mektrida, akifunga jicho, "usilisahau."

*

Hesabu ya Zaidi ilikuwa fupi. Tiketi za treni za wazee wote wale, na malazi, na madafu, vingemla ndafu mpaka mkia. Tanga ilikuwa mbali kuliko ndafu. Basi akaenda kwa Abasi, mwenye lori la kubeba mchanga na ndizi.

"Lile ziwa Jipe unakochukua samaki, lina maji mengi?"

"Mengi."

"Ng'ambo inaonekana?"

"Asubuhi kuna ukungu. Huoni hata pua yako."

"Basi ni bahari."

Abasi hakuwa mtu wa kuendeshwa kwa maneno. "Maneno yako nilishayajaza kwenye tanki mwaka jana," alisema, "gari halikuwaka. Leta kitu niweke."

Na hapa ndipo Zaidi alipofanya jambo ambalo hata yeye lilimkosesha usingizi, naye alikuwa mtu wa kulala popote. Bi Mwanajuma alipokwenda hitimani mtaa wa pili, mwanawe alibeba cherehani yake, akaiweka rehani kwa Abasi. Sikukuu ya Idi ilikuwa inakaribia. Kanzu za nusu ya mtaa zilikuwa zimekatwa, zimelundikwa mkekani, zinasubiri.

"Cherehani iko wapi?" aliuliza mama aliporudi.

"Nimeipeleka kwa fundi, mama, itiwe mafuta. Ilikuwa inalia."

"Itakuja kulia mtu," alisema Bi Mwanajuma.

*

Waliondoka Himo wazee watano: Primus, Mektrida na tenga tupu kubwa kuliko yeye, na wazee wengine watatu ambao katika safari nzima walisema "Ehe" tu, kwa hiyo hatutawasumbua. Lori likapanda Moshi mjini, likashuka Chekereni, likaingia Kahe, kisha likazunguka kwenye mashamba ya mkonge kama kuku anayetafuta pa kutagia. Turubai lilifungwa pande zote.

"Vumbi la njia ya Tanga ni kali," alieleza Zaidi.

Baada ya muda mrefu, sauti ya Mektrida ilitoka gizani mle. "Kijana, mbwa huyo anayebweka tulishampita."

"Mbwa wa mkonge wanafanana sauti, mama."

"Na mwanamke anayemkaripia?"

"Hao nao."

Walilala kwenye banda la mkonge, wakaambiwa hiyo ndiyo nusu ya njia. Kulipopambazuka Abasi alizima gari, Zaidi akafungua turubai kwa mikono miwili, kama padri anayefungua milango ya kanisa siku ya Pasaka.

"Wazee wangu. Tanga."

Maji yalikuwa mbele yao, ya kijivu, yakiingia kwenye ukungu bila mwisho. Makombe aliyoyanunua stesheni Zaidi alikuwa amekwisha kuyatupatupa mchangani. Primus alishuka polepole, akafanya ishara ya msalaba, akavua viatu, akaingia mpaka magotini. Akachota maji kwa kiganja, akanywa.

Akageuka.

"Basili alisema ni ya chumvi."

Wazee watatu wakasema, "Ehe."

Zaidi hakupepesa. "Basili alikuja kwa daraja gani?"

"Kwa treni. La tatu."

"Umeona sasa? Kwa Mwingereza kila kitu kina daraja. Treni ina madaraja, hospitali ina madaraja, bahari iachwe? Ile ya daraja la tatu wanaingia watu wengi, na jasho la watu ni chumvi. Hii hapa ni ya daraja la kwanza. Mpaka kuwaingiza humu nimeongea na mtu."

Jambo hili lilifanana sana na serikali waliyoijua, na hakuna aliyeliuliza mara ya pili. Primus alinywa tena, safari hii kwa kujisikia.

Madafu yalinywewa. Nyumba ya Mjerumani ilionekana: kuta tatu za banda la shamba la zamani, lisilo na paa. Mnara wa saa, Zaidi alisikitika kuwaambia, ulikuwa umepelekwa Ulaya kutiwa ufunguo. Pango halikukosekana. Aliwaonyesha shimo la muhanga chini ya mgunga.

"Dogo," alisema Primus.

"Hilo ni tundu lake la kupumulia. Lenyewe liko chini."

"Na wale kule majini? Si viboko?"

"Viboko."

"Viboko wa Tanga?"

"Nao wamekuja kupumzika."

Basi mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko alivyotarajia, na hapo ndipo ukungu ulipoondoka. Haukuondoka kidogokidogo. Uliondoka wote kwa pamoja, na juu ya maji, mkubwa, mweupe kichwani, karibu kama mkwe aliyekuja bila taarifa, akasimama Kibo, mlima wao wa nyumbani.

Abasi aliingia kwenye lori, akawasha injini. Zaidi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hapakutoka kitu.

Primus alivua kofia.

"Yule ni Kibo," alisema.

"Ndiyo, mzee wangu," Zaidi alinong'ona.

"Anaonekana mpaka Tanga."

Zaidi alimtazama yule mzee. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ulimi ukarudi mahali pake. "Mzee wangu, unadhani meli za Ulaya zinajuaje njia?"

"Nilijua," alisema Primus. "Siku zote nilijua. Watu wa pwani wanatuficha."

Abasi akazima injini.

Wakati huo Mektrida alikuwa mbali kidogo, amekaa na bibi mmoja anayesuka mgono wa kutegea samaki. Walikuwa wanaongea Kigweno, lugha ya Upare wa karibu na ziwa, haraka haraka, wakicheka, wakipigana viganja. Aliporudi tenga lilikuwa limejaa samaki wakavu mpaka halifungiki.

"Mmesikilizana, mama?" aliuliza Zaidi.

"Watu wa Tanga ni wema," alisema Mektrida. "Na Kigweno wanakijua kama wamezaliwa nacho." Alimtazama kama mtu anayetazama mkungu wa ndizi, akipima kama ukatwe leo au uachwe mpaka Jumamosi.

*

Kihamba cha Primus, shamba linalozunguka nyumba yake, kilijaa watu mpaka kwenye migomba. Chungu cha mbege kilikuwa katikati. Basili alikuwa amekaa mahali pake papya, mkono uko tayari kupokea kata.

"Karibuni kutoka Tanga," alisema. "Bahari mmeionja?"

"Tamu," alisema Primus.

"Tamu!" Basili akageukia watu. "Mmesikia? Bahari ni chumvi, jamani! Chumvi mpaka inawasha macho!"

"Ulikwenda daraja gani?" aliuliza Primus, kwa upole wa kuudhi.

"La tatu, lakini..."

"Ehe," walisema wazee watatu.

Primus alieleza habari ya madaraja. Watu walitikisa vichwa. Waliona ndiyo maana. Basili alianza kutokwa jasho, yaani chumvi, na watu wakaliona hilo pia.

"Na Kibo," alisema Primus, "ulimwona?"

"Kibo? Tanga?" Basili alicheka. "Kutoka Tanga Kibo haonekani hata kidogo!"

Katika nchi nyingine sentensi ile ingepita. Lakini mtu amekaa juu ya mgongo wa Kibo, anakunywa maji yake, anakula ndizi zake, kisha anasimama mbele za watu kusema kuna mahali mlima huu haufiki? Bibi mmoja alimvuta mjukuu wake asikae karibu naye.

"Yupo shahidi," alisema Mektrida. "Mtu wa mjini. Simama, baba."

Zaidi alisimama, kanzu inang'aa. Hakuna mtu mlimani angeaminiwa namna ile. "Niliwapeleka mwenyewe, nikawarudisha mwenyewe," alisema. "Bahari ya daraja la kwanza. Na Kibo tulimwona sote."

Kata ilijazwa. Ilimpita Basili bila kusimama, ikaenda mkononi mwa Primus. Alikunywa polepole, povu lote, macho yamefumbwa. Zaidi, aliyepewa maziwa ya mgando kwa heshima ya dini yake, aliona ni wakati.

"Na sasa ndafu," alisema Primus. "Mleteni."

Vijana wanne walimbeba ndafu, maana kutembea hakuweza.

"Watu wangu, ndafu huyu kuanzia sasa ni mali ya Zaidi. Kuna anayebisha?"

Hakuna aliyebisha. Zaidi aliiona cherehani ya mama yake ikirudi nyumbani.

"Na kwa kuwa ni mali yake," aliendelea Primus, "na kwetu ndafu hatoki kihambani kwa miguu yake, na kwa kuwa ndugu yetu ni Mwislamu na tunataka ale kwa amani, achinje mwenyewe."

Kisu kiliwekwa kiganjani mwake. Kilikuwa kimenolewa vizuri sana. Macho yote ya Kilema yalikuwa juu yake, na akina mama walikuwa wamekwisha kukata majani ya migomba ya kupakulia. Mtu anayemnyima ndafu jamaa aliyempa ndafu, mbele ya chungu, hatelemki mlima ule kwa salama. Zaidi alimgeuza ndafu kuelekea kibla, akasema bismillahi kwa sauti ya mtu anayeaga, akachinja.

Kidari kikaenda kwa wazee, mgongo kwa akina mama, na kila ukoo ukachukua chake. Mchinjaji alipewa shingo.

Alimkuta Mektrida nyuma ya nyumba, anapanga samaki wake.

"Mama, mlinidhulumu."

"Ulipewa ndafu, mbele ya watu."

"Ameliwa!"

"Na sisi tulipelekwa Tanga."

Zaidi alikaa juu ya kinu. "Mlijua."

"Mwanangu, simama hapa." Alimshika bega akamgeuza kuelekea bondeni. Chini kabisa, kati ya migomba miwili, ziwa Jipe lilikuwa linametameta kama sahani. "Primus analitazama kila asubuhi akienda chooni. Na mimi mama yangu alizaliwa pale, na yule bibi wa mgono ni mdogo wake. Siku nyingi nilikuwa nataka kumsalimia mama yangu mdogo, ila miguu hainipeleki tena."

"Sasa kwa nini... na machozi yale ya mzee?"

"Ya kweli. Alikuwa anaiona kata inarudi. Bahari angeifanyia nini? Alitaka mtu wa kusema mbele ya watu kwamba ameiona. Sisi tungesema wenyewe, nani angetuamini? Wewe una kanzu nzuri. Nani alikushonea?"

"Mama," alisema Zaidi, akaitazama kanzu yake.

*

Abasi aliitazama ile shingo ya ndafu iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akaitazama cherehani. Alikuwa na huruma yake, ila haikuwa kwa Zaidi. Alibeba cherehani mwenyewe mpaka kwa Bi Mwanajuma, akamsimulia yote, tangu kunguni mpaka kisu.

Bi Mwanajuma alisikiliza huku anatia uzi kwenye sindano.

"Hii cherehani inanilisha," alisema. "Iache hapa. Kama unataka kitu cha kuweka, mchukue huyu mwanangu."

Kanzu za Idi zilishonwa kwa wakati. Zaidi hakupata yake. Alivaa kaptura ya taniboi wa lori la Abasi, na kazi ilikuwa nyingi kuliko alivyodhani duniani kuna kazi. Kwa sababu habari za bahari ya daraja la kwanza zilienea vihambani kote. Kila ukoo ulitaka wazee wake wakaione. Mektrida ndiye aliyekuwa anakaa mbele na dereva, anaeleza, tenga miguuni. Mnara wa saa, alisema, bado uko Ulaya. Ufunguo wake ni mgumu. Kuhusu mbwa wa Mjerumani aliongeza kwamba alioa Mombasa.

Asubuhi moja ya baridi, Zaidi alifungua turubai, akaweka ngazi, na wa kwanza kushuka alikuwa Basili. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Tangu siku ya ndafu kata ilikuwa inamfikia baada ya wakwe.

Basili alitembea mpaka majini, akachovya kidole, akalamba. Akaangalia viboko. Ukungu uliondoka, akamwangalia Kibo kwa muda mrefu, na Kibo akamwangalia. Wenzake wote walikuwa wamesimama nyuma yake, wanasubiri.

Alirudi polepole mpaka kwenye lori.

"Wewe kijana," aliuliza kwa sauti ya chini, "bahari umewahi kuiona?"

Zaidi alifikiri. Alikuwa amechoka kiasi cha kusema kweli.

"Bado, mzee."

"Basi itazame vizuri," alisema Basili, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote. "Ndiyo hii."